Mgonjwa wa Darasa la Kwanza

Jumatatu, 5 Januari 1953

Nimefika Itobela. Nimefika! Treni mpaka Igalula, kisha lori, kisha matope. Nina sanduku moja, chandarua kimoja, na boksi la dawa ambalo mama yangu alilifunga kwa kamba kama vile lina mbuzi ndani. Kwetu Bagamoyo wanasema bara kuna homa ambazo hazijapewa hata majina. Nimejiandaa. Kwinini, aspirini, aidini, chumvi ya haluli. Mtu aliyesoma hafi ovyo ovyo.

Shule ina vyumba viwili. Kimoja ni cha Darasa la Pili, cha Mwalimu Getruda, binti wa hapa hapa. Kuta nyeupe pe! Maua kwenye kopo. Sikupenda namna alivyonionyesha. Cha pili ni changu, Darasa la Kwanza, ambalo halijakuwepo hapa kijijini kwa miaka miwili sasa kwa sababu hakukuwa na mwalimu. Chumba kilikuwa ghala la karanga. Paa limetoboka, udongo wa kuta umebanduka, na sakafu ni vumbi tupu la kuzamisha mguu.

Mwalimu Mkuu ni Mzee Wenceslaus, mtu wa kanuni, hata kikohozi chake kina utaratibu. Alinieleza taratibu: shule inafunguliwa Jumatatu tarehe 19. Ijumaa kabla yake Bwana Mkaguzi anakuja kuangalia chumba. Kikifaa, nina darasa. Kisipofaa, watoto wanarudi kuchunga ng'ombe na mimi narudi Bagamoyo. Nikamwambia ondoa shaka, Mzee.

Baadaye nikasimama peke yangu ghalani. Mvua ilikuwa imekatika. Jua lilipenya kwenye matundu ya paa likajimwaga chini vipande vipande, na vumbi likawa linaelea ndani yake polepole, dhahabu tupu. Nikawaona wanangu. Safu kwa safu, macho makubwa, wanaimba a-e-i-o-u na mimi nimeshika chaki. Jamani, sijawahi kutaka kitu duniani kama ninavyotaka hiki. Nilisimama pale mpaka Mama Josepha, mwenye nyumba niliyopanga, akaja kuniuliza kama nimepotea njia.

Jumanne, 6 Januari

Mzee Wenceslaus amenipa jembe. Mimi! Akasema nianze kwa kutoa vumbi la zamani, kisha nichimbe udongo wa kichuguu wa kutwangia sakafu. Nilichimba kwa moyo. Kabla jua halijapanda mikono yote miwili ilikuwa malengelenge. Nikajipaka aidini. Kumbe aidini kwenye lengelenge lililopasuka ni moto wa jehanamu! Nilipiga ukelele, Getruda akaja mbio akidhani nyoka. Akatazama mikono yangu, akasema yeye udongo wa darasa lake aliubeba kichwani mwenyewe. Nani alimwuliza?

Mchana akaja Luhende. Huyu ni mfuga nyuki, mjumbe wa kamati ya shule, na sauti yake inasikika kijiji cha pili. Akaniuliza kabila langu. Nikasema Mzaramo. Loo! Mtu mzima aliruka juu kwa furaha. Mtani! Babu zake Wanyamwezi walibeba pembe hadi pwani enzi za misafara, babu zetu wakawapokea kwa matusi na pilau, utani ukazaliwa huko na haujafa. Na mtani hakasirikiwi, hilo hata mtoto analijua. Akanivua kofia, akaivaa yeye, akatangaza kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Mzaramo apewe jembe siku ya kwanza maana ya tatu atakuwa ameshakufa.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikacheka na mimi. Akaondoka na kofia yangu, na ilikuwa mpya.

Jumatano, 7 Januari

Kidole cha mguu kinawasha tangu jana. Si vibaya. Kuna utamu wake. Nilikaa kizingitini mwa ghala nikijikuna taratibu, nikitazama njia ya zamani ya misafara inavyopita nyuma ya shule, imeota majani, inakwenda zake magharibi bila mtu. Mawazo yakanichukua mbali. Mama Josepha akapita, akainama, akasema huyo ni funza na tayari ana mayai.

Getruda ndiye aliyemtoa, kwa sindano. Aliweka mguu wangu pajani mwake bila aibu yoyote. Mkono wake mwepesi. Anasema nililia. Sikulia, macho yalitoa maji tu.

Lakini leo si siku ya funza. Leo ni siku ya wazo! Mama Josepha mgongo ulimkamata tangu juzi, hakuweza kupalilia karanga zake. Mchana huu nikasikia nyimbo. Wanawake wametoka kila upande na majembe begani, wameingia shambani kwake, wamepalilia lote huku wakiimba, yeye amelala chali kwenye mkeka anakula matobolwa, viazi vyao vikavu vya kuchemsha. Shamba lote!

Nimelifikiria jambo hili hadi chai ikapoa. Yeye anaumwa mgongo tu, na yuko kwao. Mimi ni mgeni, hapa sina mama, sina dada, na mikono yangu imekwisha. Nikiugua kidogo, kwa kipimo, si wataingiwa na huruma wanimalizie darasa? Getruda alijenga kwa kichwa na mabega. Mimi nitajenga kwa kulala. Akili ni mali, wamesema.

Alhamisi, 8 Januari

Nimeugua asubuhi hii. Ili ugonjwa uwe na sura nilimeza kwinini mara mbili ya kiasi. Haikuwa busara. Masikio yanalia ngiii bila kukoma, na mikono inatetemeka kweli.

Watu wamekuja. Nyumba imejaa. Wazee shikamoo, marahaba, pole mwalimu, pole sana. Uji wa ulezi, asali, uyoga wa mvua. Nikasubiri wainuke waende ghalani. Hawakuinuka. Wamekaa. Wanaume ukutani, wanawake kwenye mkeka, kimya, wananitazama nikipumua.

Mwishowe nikamnong'oneza Mama Josepha kwamba roho yangu ingetulia kama ningejua darasa linajengwa. Nikamkumbusha karanga zake. Akashangaa. Akasema wale wanawake ni wenzake wa kulima, amewalimia wao kwa miaka mingi, nao humlimia. Akaniuliza mimi nimelima na nani.

Akaendelea kwa upole. Itobela iko njiani. Babu zao walikuwa wapagazi, na mpagazi akizidiwa aliachwa kando ya njia, msafara ukaenda. Ndiyo maana hapa kuna mwiko: mgeni mgonjwa haachwi peke yake. Kazi zote zinasimama mpaka apone au azikwe. Kwa hiyo wamekuja kukaa, wote, hata wale ambao Mzee Wenceslaus aliwapanga kesho wakaezeke paa langu.

Basi nikafumba macho. Ngiii, masikioni, na ile ngiii polepole ikawa njuga, na njuga zikawa miguu, watu wengi sana wanapita nyuma ya nyumba na mizigo mabegani, hawasemi kitu, na mmoja wao akageuka akaniuliza kama naweza kutembea. Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akacheka vizuri tu, akapita.

Nilipozinduka Luhende alikuwa ananipima urefu kwa fito. Alisema kaburi la Mzaramo lazima lichimbwe na nafasi ya kutosha ya maneno.

Ijumaa, 9 Januari

Bado wamekaa. Wameongezeka, wa kijiji jirani wamefika. Nikijigeuza, wote wanasema pole. Nikikohoa, mwanamke mmoja anaanza kulia. Siwezi kuamka ghafla, nitaonekana mwongo. Siwezi kulala, darasa linaoza.

Mvua imenyesha mchana kutwa. Getruda alipenya katikati ya watu akanieleza kwamba ukuta wa upande wa njia umeanguka. Kisha akanitazama muda mrefu. Nikatoa mlio wa maumivu. Akaendelea kunitazama.

Jumamosi, 10 Januari

Nimepona! Nimetangaza mapema asubuhi. Wakamshukuru Mungu, wakakusanya mikeka, wakaenda mashambani kwao kuokoa kilichosalia. Hakubaki hata mtu wa kunishikia ndoo. Hawana kosa, wamepoteza siku nzima nzima kwa ajili yangu.

Nikasema potelea mbali, nitafanya mwenyewe, ila kwa akili. Nikawaza hivi: ukuta mmoja umeanguka, lakini mitatu imesimama. Nikiipaka chokaa ing'ae, Bwana Mkaguzi ataduwaa na weupe hata asione kama ukuta wa nne haupo. Chokaa ilikuwepo, iliyobaki kwa Getruda. Nikakoroga. Nikapanda juu ya pipa. Nikatazama juu.

Chokaa ikaniingia machoni yote mawili.

Sitaandika nilivyopiga kelele. Inatosha kusema kwamba watu waliacha majembe mashambani na kurudi wote. Wamekaa tena.

Jumapili, 11 Januari

Naandika kwa kunyanyua kitambaa kidogo upande mmoja. Getruda alinikosha macho kwa maji tele, kisha maziwa ya mbuzi, akanifunga kitambaa. Amesema nitaona, ila nitulie. Nimetulia.

Gizani mle mna amani ya ajabu. Kengele ya kanisa. Harufu ya udongo uliolowa. Treni ya Kigoma ikapiga honi mbali sana, upande wa Igalula, sauti ikaja juu ya miti ikachoka ikafa kabla ya kufika kwetu. Getruda alikuja baada ya misa akakaa. Sikumwona lakini nilijua ni yeye kwa jinsi watu walivyompisha. Nikamwomba aniambie kuna nini nje. Akasema kuna mawingu, na watoto watatu wamesimama mlangoni mwa ghala wanachungulia ndani, wanabishana nani atakaa wapi.

Hapo kwa kweli nililia, na kitambaa kikaficha. Zimebaki siku chache. Ukuta umeanguka kwa ajili ya ujanja wangu na watoto wanagombea nafasi ndani ya vumbi.

Nilitaka kumwambia Getruda yote. Nilifungua mdomo. Likanijia wazo.

Jumatatu, 12 Januari

Wazo ni hili. Hawawezi kuniacha mgonjwa. Sawa. Hawawezi kwenda ghalani kwa sababu wanakaa na mimi. Sawa. Basi mgonjwa aende ghalani!

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba ina joto na kwamba ningependa, kama ndiyo mwisho wangu, nilale ndani ya darasa langu. Wanawake wakalia. Wanaume wanne wakanyanyua kitanda na mimi juu yake, wakanipitisha uwanjani taratibu, uso wangu ukitazama mbingu. Sijawahi kusafiri vizuri namna ile. Wakanitua katikati ya ghala.

Getruda amesema jambo moja tu: kwamba nimesahau chandarua. Nikamjibu kwamba mtu anayekufa hajali mbu.

Jumatano, 14 Januari

Akili ni mali! Naandika tena na tena!

Mambo yamekwenda hivi. Jana wanawake walikaa kwenye vumbi kidogo tu, wakakohoa, wakasema mgonjwa hawezi kulala mahali kama hapa. Wakaondoa vumbi. Wakaleta udongo wa kichuguu, wakamwaga maji, wakautwanga kwa magogo, wakiimba kwa sauti ndogo kwa heshima yangu, na kitanda changu wakakihamisha pembe hii, kisha pembe ile, kila walipofika. Mchana ikaanza kunyesha, tone likaniangukia kwenye paji la uso. Wanaume wakatazamana. Wakapanda juu. Paa jipya limekwisha leo.

Wamesimamisha na ukuta. Wazee wakachoka kukaa chini, vijana wakawafinyangia viti vya udongo, virefu, safu kwa safu. Safu kwa safu! Vinakauka sasa. Macho yangu yamefunguka na nimelala katikati nikitazama darasa likiota kunizunguka. Mwanga unaingia dirishani tu, pale unapotakiwa. Mikono inasiliba ukuta, shwaa, shwaa, na mimi nasinzia na kuamka na kila nikiamka kuna kitu kimeongezeka. Kama mbingu iko hivi, sitaiogopa.

Getruda amechora herufi ukutani bila kuombwa. Amezichora vizuri kuliko za darasa lake. Nilimwambia asante, akasema hafanyi kwa ajili yangu.

Alhamisi, 15 Januari

Limekwisha. Limepigwa chokaa kuzunguka herufi, linanukia. Mzee Wenceslaus alikuja akazunguka, akagusa kila kiti, akatikisa kichwa kwa furaha iliyofuata taratibu zote. Kesho alfajiri anakwenda stesheni ya Igalula kumpokea Bwana Mkaguzi. Kilichobaki ni mimi kupona, kunyoa, kuvaa shati jeupe na kusimama mlangoni.

Ila nasikia baridi. Jua linawaka nje na mimi natetemeka. Kichwa kizito. Nimefungua boksi la dawa. Kwinini hakuna, nilizimaliza siku baada ya siku nilipokuwa naigiza. Mbu wa humu ndani wameninyonya siku zote hizi.

Nimewaambia watu kwamba leo naumwa kweli. Wamenijibu pole, wakakaa vilevile.

Ijumaa, 16 Januari

Homa. Naandika jioni, mkono hautulii, lakini lazima niandike maana leo nimesikia mambo mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia.

Asubuhi nilikuwa naelea. Paa lilikuwa juu sana, kisha karibu sana. Luhende akaja na kofia yangu kichwani, akaniona nimelegea, akaona nafasi yake. Akanifunika shuka hadi usoni na kuanza kunililia, kilio cha mtani. Uuuwi, Mzaramo amekufa! Amekufa bila kulima hata tuta! Nani atatumalizia uji wetu sasa! Watu wakavunjika mbavu. Nami chini ya shuka nilitabasamu, kwani utaratibu naujua. Maiti wa utani huinuka mwenyewe, humpa mtani wake kitu kidogo, watu hucheka, mchezo umekwisha. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuumaliza, ni maiti peke yake. Nikawa nafikiria nimpe nini, kwani kofia alishaichukua.

Mara gari likasimama nje. Bwana Mkaguzi! Hakuja kwa treni, amekuja kwa motokaa kutoka Tabora, na Mzee Wenceslaus bado yuko Igalula anamsubiri. Mwingereza mgeni kabisa, Kiswahili chake cha kitabuni. Aliingia, akaona umati umekaa safu safu, kitanda katikati, shuka usoni. Akavua kofia.

Kicheko kikakatika. Luhende badala ya kuacha akazidi. Akalia kwamba chumba hiki amekijenga marehemu huyu, alikijenga akiwa kitandani, hakutaka kufa kabla watoto hawajapata darasa. Na hilo, ukilitazama vizuri, halikuwa uongo.

Bwana Mkaguzi akatembea akatazama kuta, viti, herufi. Akasimama karibu na miguu yangu. Akatoa hotuba. Alisema hajaona darasa zuri kama hili mkoa mzima. Alisema kijana huyu ametoka mbali, ameacha wazazi, amempa kila mtoto wa hapa nguvu zake za mwisho. Alisema mwalimu wa namna hii hupatikana mmoja katika kizazi.

Hakuna aliyewahi kunisema vizuri. Baba yangu hajawahi. Chuoni walisema nina ndoto nyingi. Nililala chini ya lile shuka, moto wa homa ukinipepea, maneno yakinishukia moja moja kama manyunyu, nikajua kwamba natakiwa kuinuka. Kijiji chote kilikuwa kinanisubiri niinuke, nilisikia pumzi zao. Nikasema moyoni, amalize sentensi hii. Akamaliza. Akaanza nyingine, nayo ilikuwa nzuri zaidi.

Kisha nikapitiwa na usingizi.

Jumamosi, 17 Januari

Homa imeshuka. Getruda alikuwa na kwinini zake mwenyewe, amenipa, kwa kiasi.

Amenieleza yaliyofuata. Bwana Mkaguzi alimwuliza nani atachukua Darasa la Kwanza baada ya msiba huu. Getruda aligeukia kitanda. Alinitazama. Aliona kidole changu cha mguu kinacheza chini ya shuka. Akakohoa. Akarudia kukohoa. Akaangusha kopo. Mwishowe Bwana Mkaguzi akasema basi wewe utayachukua madarasa yote mawili, asubuhi moja na mchana moja, akaandika, akatia sahihi, akapanda gari. Getruda akasema alinisubiri kadiri alivyoweza. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikakimbilia kwa Mzee Wenceslaus. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema anaona kabisa kwamba niko hai, lakini kanuni ni kanuni, na yeye hawezi kumpa darasa mtu ambaye wakubwa wamekwisha kumsikitikia. Nikamsihi. Akawaza. Akasema Bwana Mkaguzi amekwenda Kaliua, Alhamisi atapita kwa treni akielekea pwani, treni itasimama Igalula kuchukua maji. Nikakoge, ninyoe, nivae shati safi, nisimame pale kwa miguu yangu miwili, nimpe shikamoo. Basi. Hakuna zaidi. Akarudia mara mbili: kwa miguu yako miwili.

Nimemshukuru. Ni mzee mwema.

Jumatatu, 19 Januari

Shule imefunguliwa.

Nilijiambia sitakwenda. Nikajikuta nyuma ya dirisha, kwenye majani ya njia ya zamani, umande umenilowesha suruali. Ndani viti vya udongo vimejaa. Watoto wamepakwa mafuta hadi wanameremeta. Getruda ameandika a. Wakaimba a. Akaandika e. Zile sauti, Mungu wangu, zile sauti ndogo! Zilitoka dirishani zikanipita, zikaenda porini. Kifua kiliniuma kuliko aidini, kuliko chokaa, kuliko chochote kilichonipata tangu nimefika. Lile lilikuwa darasa langu na nilikuwa nje yake.

Mtoto mmoja wa mbele akaniona. Akasimama, akamwambia mwalimu kwamba marehemu anachungulia. Wote wakageuka. Nilidhani watakimbia. Getruda akatazama dirishani, akawaambia wasimame wanisalimie kwa heshima, kwa kuwa ndiye aliyewajengea chumba. Wakasimama safu kwa safu, wakasema kwa pamoja shikamoo, marehemu mwalimu.

Nikasema marahaba. Nikaondoka kabla hawajaniona vizuri usoni.

Nimekaa mchana mzima nikiwaza Alhamisi. Ushauri wa Mzee Wenceslaus nimeupima pande zote. Ni ushauri mzuri lakini ni wa mtu asiye na upeo. Fikiria: Bwana Mkaguzi anashuka kwenye treni, anamwona kijana mzima, kanyoa, kavaa shati safi, anasema mimi ndiye yule marehemu. Ataamini? Ataniona tapeli! Mwenye afya anaweza kuwa mtu yeyote. Bali maiti haugui. Hilo halina ubishi hata Uingereza. Kwa hiyo akinikuta pale stesheni nimelala, naugua palepale mbele ya macho yake, atalazimika kukubali kwamba niko hai, tena ni mimi yuleyule.

Nimechagua tumbo. Haliharibu macho wala halihitaji dawa. Nitaugua kidogo tu, kwa kipimo.

Mama Josepha amenikatalia kitanda chake. Getruda nilipomweleza alishika kichwa akaingia ndani. Lakini Luhende nimemwendea nikamwomba anibebee kitanda mpaka Igalula siku ya Alhamisi, na awalete watu wachache wa kukaa.

Amekubali kabla sijamaliza kusema.